Kifo cha Ghafla, na Maneno Mengine Niliyoandika

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika neno moja tu, na nikaambiwa nilirudie.

Ilikuwa Ngara mjini, katika chumba chenye dirisha moja na makabati matatu ya chuma, na kibao mlangoni kilichosema: Vizazi na Vifo. Nilikuwa kijana wa Kihangaza mwenye shati lililopigwa pasi mara mbili, nimetoka shule, Kiswahili changu ni cha vitabuni na mwandiko wangu unasifiwa. Nilidhani mwandiko ndio kazi yenyewe. Mkuu wangu, ambaye wote tulimwita Bwana Msajili, alinikabidhi kalamu ya wino mweusi akanifungulia rejista, yaani lile daftari kubwa ambalo kila marehemu hupewa mstari wake mmoja. Jina, jinsia, umri, mahali, tarehe. Mwishoni kulikuwa na safu pana kidogo kuliko nyingine: Sababu ya kifo.

"Ukikosea jina, mahakama itakurekebisha," alisema. "Ukikosea umri, hakuna atakayekufa tena. Ukikosea safu hii, Mungu akusaidie."

Sikumwelewa. Niliitikia "ndiyo, Bwana Msajili" kwa sauti ya mtu aliyeelewa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mkulima kutoka Nyakisasa, amekuja kuandikisha kifo cha kaka yake. Mkononi alikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji, ambayo ndiyo inayotumika pale mtu anapofia nyumbani, mbali na hospitali. Nilimuuliza kaka amekufa kwa nini. Akatazama kofia yake, akasema, "Ajali tu, bwana." Nikaandika Ajali, kwa herufi zilizolala vizuri kama nyasi zilizopitiwa na upepo, nikapeleka rejista ikatiwe saini.

Bwana Msajili alivaa miwani. "Ajali ya nini? Meli?"

"Alianguka, bwana."

"Alianguka kitandani?"

Nilirudi kwa yule mkulima. Ikabidi nimuulize kwa Kihangaza, na kwa Kihangaza habari ilitoka yote bila kuvutwa: kaka yake alikuwa juu ya mti anarina asali, nyuki wakamvamia usoni, akaachia tawi. Alikuwa mrinaji hodari, watu walimwita hata kutoka vijiji vya jirani. Mkulima alipomaliza kusimulia alipumua kwa nguvu, na nikaona kwamba amefarijika kuliko alivyoingia. Neno ajali halikuwa limempa faraja hiyo.

Niliandika: Ameanguka kutoka mtini baada ya kushambuliwa na nyuki. Bwana Msajili aliisoma mara mbili, akatia saini. Kisha akanipa kanuni niliyoitumia hadi nilipokabidhi funguo.

"Kijana, kila kifo cha namna hii kina 'na nini' yake. Amegongwa na nini, ameangukiwa na nini, amekanyagwa na nini. Ukiiacha hiyo 'na nini' wazi, watu wataijaza 'na nani'. Na watu wakijaza, hawatumii wino."

Leo vijana wanajaza kwenye kompyuta, na nasikia mashine inawapa orodha wachague. Ni vizuri, macho hayaumii. Ila wakati wetu orodha ilikuwa kichwani mwa karani, na karani akiwa na kichwa chepesi, wilaya nzima inakuwa na vifo vyepesi. Ndiyo maana nimeombwa na wajukuu zangu wawili, ambao mmoja wao naye ameingia kazi hizi za ofisini, niandike ilivyokuwa.

Kutoka Ngara nilipelekwa Kabanga, mpakani kabisa, kwenye meza moja katika ofisi ya kata. Upande mmoja naona malori yanasubiri kuvuka kwenda Burundi, upande wa pili wabadilishaji fedha wamekaa na vibunda vyao, na mabasi yanapiga honi kuanzia alfajiri. Kule nilijifunza kwamba maneno nayo yana kabila. Pale Kabanga ukisema "ajali", kila mtu anageukia barabarani. Ni neno lililochukuliwa na magari likawa lao. Mtu akifa kwa kuangukiwa na ukuta wa udongo wakati wa masika, hakuna anayesema amepata ajali, watasema "ukuta umemwangukia", basi. Lakini akigongwa na pikipiki, hata kama amevunjika kidole tu, ni ajali, na mji mzima utajua kabla hajafika zahanati.

Palepale Kabanga nilikutana na neno jingine gumu. Mashemeji wawili walikuwa wanakata mkaratusi, mti ukageuka ukamwangukia mmoja. Aliyebaki alikuja mwenyewe kuandikisha, macho yamevimba, na kila nilichouliza alijibu, "Bahati mbaya, mzee, ni bahati mbaya." Mimi sikuwa mzee hata kidogo, nilikuwa sijaoa. Nilitaka kuandika hivyohivyo kwa kumhurumia. Mtendaji wa kata, ambaye alikuwa mkuu wangu pale na mtu asiye na haraka ya lolote, alinisogelea.

"Bahati mbaya ni neno la aliyebaki," aliniambia. "Marehemu hana tena bahati, mbaya wala nzuri. Andika mti."

"Na yeye je? Tusimwandikie kwamba hakukusudia?"

"Kukusudia na kutokusudia ni maneno ya hakimu. Amri ya Mungu ni maneno ya padri. Wewe mwenye kalamu hii umepewa mti tu."

Nikaandika mti. Yule shemeji aliomba nimsomee, nikamsomea: ameangukiwa na mti wa mkaratusi. Akasema, "Ndivyo. Ndivyo ilivyokuwa." Nikaanza kuona kwamba neno kavu, likiwa la kweli, humshikilia mtu vizuri kuliko neno laini.

Ningependa kusema kwamba kutoka hapo sikukosea tena. Lakini kumbukumbu za mtu asiyekosea hazina msomaji, na mimi nilikosea, Biharamulo, nikiwa tayari mtu mzima mwenye mvi za kwanza na sifa ya ukarani mzuri.

Biharamulo nilimkuta mkuu mwanamke, Mama Msajili, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyokuwa ikisikika hadi geti la nje. Wilaya ile ina watu wa aina nyingi. Kuna Wasubi na Wazinza wenyewe wa pale, Wahaya wa biashara, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Mwanza na Shinyanga, wakalima mahindi na pamba na kujenga miji yao mbali na barabara. Kihangaza changu kilinifaa kwa wachache. Kisukuma nilikuwa najua salamu, na salamu ya Kisukuma ni ndefu kiasi kwamba ukishaimaliza unajiona umeijua lugha. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Siku moja ya kiangazi aliingia mzee mmoja, tumwite Mzee Masanja, kutoka kitongoji kilichoko njia ya kwenda Nyamahanga, ambacho sitakitaja jina. Alikuwa ameendesha baiskeli tangu asubuhi. Alikuja kuandikisha watoto wake wawili, waliokufa siku moja. Mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na shuleni kwake walihitaji cheti cha kifo. Mdogo alikuwa mkulima tu, hakuna aliyekuwa anamdai karatasi. "Lakini na huyu mwandike, kalani," alisema, maana herufi r kwa Wasukuma wengi hupewa mapumziko. "Asije akasahaulika."

Barua ya mtendaji wa kijiji ilisema: vifo vya ghafla, kisimani. Askari walifika, hawakuona jeraha wala dalili ya ugomvi, wakaruhusu mazishi. Nilimuuliza mzee, "Walikufa maji?" Akatikisa kichwa, maji yalikuwa kidogo mno. "Waliangukiwa na udongo?" Akatikisa kichwa. Nilipouliza la tatu alianza kulia, bila sauti, machozi yanashuka tu hadi kwenye ndevu. Nami nina watoto. Sikuwa na Kisukuma cha kumfanya asimulie kama yule mkulima wa Nyakisasa alivyosimulia. Kanuni ilinitaka nimrudishe kwa mtendaji akaandikiwe maelezo kamili, na kwake ni mbali, na ni baiskeli. Nikamhurumia. Nikaandika mistari miwili, yote miwili ikaishia na: Kifo cha ghafla.

Ghafla si sababu. Ghafla ni mwendo tu, inasema kifo kilikuja mbio, haisemi kilitoka wapi. Nilijua hilo. Nikaandika hata hivyo, nikajisikia mtu mwema, nikamsindikiza mzee hadi kwenye baiskeli yake.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wiki ya tatu yake, siku ya Alhamisi, aliingia mwanamke wa makamo, kitenge kimejaa vumbi, akasimama mbele ya meza bila kukaa.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

Hakukaa. "Nimekuja kukuuliza. Mama yangu utamwandika nini?"

Nikavuta fomu. "Pole sana. Amefariki lini?"

"Hajafa bado. Wamesema Jumapili."

Nilidhani sikusikia. Nikaiweka kalamu chini. Jina lake aliniambia ni Milembe, na mama yake ni Mayu Kabula, mayu likiwa neno la heshima la Kisukuma kwa mama mtu mzima. Kile kisima walichofia watoto wa Mzee Masanja kilikuwa ni cha Mayu Kabula. Mwalimu na mdogo wake waliomba kuvuta maji humo wamwagilie nyanya. Maji yalikuwa yameshuka mno kwa kiangazi, mashine ya petroli ikishindwa kuyavuta kutoka juu, basi wakatengeneza kichanja cha miti ndani ya kisima, wakaishusha mashine hapo na kuiwasha. Ilifanya kazi kitambo, ikazimika. Mwalimu akashuka kuiangalia, akanyamaza. Mdogo wake akamwita, hakuitikiwa, akashuka kumtoa, naye akanyamaza.

"Na mama yangu asubuhi ile aliwakataza," Milembe alisema. "Aliwaambia, hicho kidude kinatoa moshi na shimo halina pua, mtafia humo. Sasa wanasema aliwalaani. Wanasema, vijana wawili wazima, hawana hata mkwaruzo, wanakufaje? Kuna mkono wa mtu."

Mkono wa mtu. Hilo ndilo neno ambalo Bwana Msajili alinionya nalo siku ya kwanza bila kulitaja.

"Mzee Masanja mwenyewe hakuwa anasema hivyo," aliendelea. "Lakini alirudi na karatasi zako. Mjukuu wake akazisoma mbele ya watu. Wakasema, mmeona, hata serikali imeshindwa kujua, imeandika ghafla tu. Vijana wakaja nyumbani wakampa mama hadi Jumapili awe ameondoka. Mama amesema haendi popote, ana miaka zaidi ya sabini, aende wapi? Ndiyo nikaja kukuuliza wewe unayejua kuandika. Jumapili wakishamaliza, mama yangu utamwandika nini? Ghafla?"

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nilimwomba akae, safari hii akakaa, nikaenda kwa Mama Msajili na rejista mkononi nikamweleza yote, pamoja na huruma yangu.

Alisikiliza hadi mwisho. Rejista haifutwi, hiyo ni sheria ya kwanza ya kazi yetu. Neno likikosewa hupigwa mstari mmoja, lisomeke bado, na neno sahihi huandikwa juu yake pamoja na saini na uthibitisho. Kosa hubaki linaonekana milele, kama kovu.

"Mtengenezaji wa neno hili ni wewe," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Polisi nitawapigia mimi sasa hivi wakamwangalie mama huyo. Lakini askari atakaa pale siku mbili tatu, halafu ataondoka, na neno litabaki. Nenda kalichukue mwenyewe. Na uje na uthibitisho, sitaki huruma nyingine kwenye rejista yangu."

Ijumaa asubuhi niliondoka kwa pikipiki ya ofisi, nyuma nimempakia tabibu wa zahanati ya jirani. Alikuwa kijana mpole, aliyekuwa likizo wakati wa misiba ile, na nilipomweleza habari ya mashine aligonga paji la uso. "Moshi wa injini," alisema. "Una sumu isiyo na harufu, hukaa shimoni hata mashine ikizimika. Mtu anashuka akidhani ni hewa. Lakini utawaambiaje watu sumu isiyoonekana? Hata uchawi hauonekani."

Alikuwa amesema kweli, na neno hilo lilinisumbua njia nzima. Tulipokaribia kitongojini nikaona kuku wanachakura kando ya njia, nikapata wazo. Nilinunua kuku mmoja mwekundu, mzima, mwenye kelele. Nakiri kwamba niliwaza habari ya sayansi tu. Sikuwaza kabisa kuku ni nani kwa Wasukuma.

Watu walikusanyika kwa Mayu Kabula, wengi kuliko nilivyotarajia. Mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni kwake anapukuchua mahindi kana kwamba ugeni ule haumhusu, askari mmoja amesimama kando. Mzee Masanja alikuja akasimama mbali. Nikaomba mashine ya mwalimu iletwe. Tukaifunga kamba, tukaiwasha, tukaishusha hadi kwenye kile kichanja, na juu yake tukashusha kuku ndani ya kikapu. Nikakataza mtu yeyote asiiname juu ya shimo. Tulisubiri, mashine inanguruma chini. Kuku alipiga kelele mwanzoni. Halafu tukasikia mashine peke yake.

Tulipokivuta kikapu kuku alikuwa amelala ubavu, amekufa, hana jeraha wala unyoya mmoja uliovunjika. Ndipo Mzee Masanja akasogea kwa mara ya kwanza, akapita katikati ya watu, akanyoosha mkono.

"Mpasue," alisema.

Nilimtazama tabibu, tabibu akanitazama. Mwenyekiti wa kitongoji akaninong'oneza: kwa Wasukuma, penye jambo zito, hupasuliwa kuku na mjuzi husoma ndani yake. Watu wale walikuwa hawaoni jaribio. Walikuwa wanaona ofisi ya serikali imekuja kupiga ramli. Mimi, mtoto wa nyumba ya Kikatoliki, niliyebatizwa nikiwa na siku nane, nimesimama na kikapu kama mganga! Nilitaka kukanusha. Tabibu, kwa umri wake mdogo, alikuwa na akili kunishinda. Akachukua kisu akampasua kuku, akamwinulia mzee aone.

"Tazama damu yake, baba," alisema. "Damu ya kuku aliyenyongwa au aliyekosa hewa tu huwa nyeusi. Hii ikoje?"

"Nyekundu," Mzee Masanja alisema polepole. "Nyekundu sana."

"Huo moshi ndio unaofanya hivyo. Watoto wako ulipowaosha, midomo yao ilikuwaje? Na kucha?"

Mzee aliitazama tena ile damu. "Myekundu," alisema. "Kama watu wenye afya waliolala tu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nilisema, huyu hakufa kifo cha kawaida." Aliinama akachunguza kuku yule tena, ubawa, ini, moyo, kama mtu anayekijua anachokisoma. Kisha akainuka akawageukia vijana, akasema nao Kisukuma kirefu. Niliambulia maneno mawili tu, mashine na moshi. Lakini vijana walianza kutazama chini, mmojammoja.

Alipomaliza alivuka ua hadi mlangoni kwa Mayu Kabula. Yule mama hakuinua kichwa.

"Uliwakataza," alimwambia.

"Niliwakataza," akajibu, na gunzi mkononi likamdondoka, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu misiba ile, Milembe aliniambia baadaye. Hakuwa ameruhusiwa kuwalilia wale vijana, ilhali alikuwa amewaona wakizaliwa.

Rejista nilikuwa nayo kwenye mkoba, kwa ruhusa ya Mama Msajili. Niliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, nikapiga mstari juu ya "Kifo cha ghafla" mbele ya watu wote, nikaandika kwa mwalimu: Amekufa kwa sumu ya moshi wa mashine ya maji ndani ya kisima. Nikasoma kwa sauti. Tabibu akatia saini yake. Nikahamia mstari wa pili, nikaanza kuandika maneno yaleyale.

"Ngoja, kalani," Mzee Masanja alisema. "Huyu mkubwa hakujua. Ni ajali, nimekubali. Huyu mdogo alimwona kaka yake ameanguka mbele ya macho yake, akashuka. Naye utamwandika sawasawa na kaka yake?"

Kanuni yangu ilikuwa na jibu: sumu ni ileile, moshi ni uleule. Lakini nilikumbuka jinsi ndugu wa yule mrinaji wa asali alivyofarijika, na nikajua kwamba mzee hakuwa anabishana nami kuhusu sumu. Niliandika: Amekufa kwa sumu ya moshi wa mashine ya maji ndani ya kisima, akimwokoa kaka yake. Maneno yalizidi safu, ikabidi niyabane pembeni kwa herufi ndogo, mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikamsomea. Aliniomba nisome tena. Nikasoma tena.

Jumapili ilifika ikapita. Nasikia watu walikwenda kwa Mayu Kabula, lakini walikwenda kufukia kile kisima na kumchimbia kingine.

Jumatatu nilimpelekea Mama Msajili rejista. Alisoma mstari wa kwanza, akapiga muhuri. Alisoma wa pili, kidole chake kikafuata maneno hadi pembeni ya ukurasa.

"Fomu haiulizi marehemu alikuwa anafanya nini," alisema.

"Haiulizi, mama."

Halafu akapiga muhuri na huo. "Na ninasikia siku hizi ofisi yangu inapiga ramli," aliongeza bila kuinua macho, na tangu siku hiyo hadi alipohamishwa aliniita Mganga wa Serikali. Jina hilo lilinifuata hadi Ngara nilipomalizia utumishi. Nimelizoea. Mke wangu hulitumia nikikataa kumeza dawa.

Sasa nimestaafu, niko Nyakisasa kwenye migomba na kahawa yangu, na sina kinyongo na kazi ile. Wengine hudhani kuandika vifo miaka yote hiyo humfanya mtu awe na huzuni. Mimi ilinifanya niwe mtu wa kushukuru kila nikiamka, na mtu wa kuuliza maswali mengi msibani, jambo ambalo majirani hawalipendi. Nyuki, mti, ukuta, moshi, mto, radi: nimewaandikia marehemu wangu wote visababishi vyao, na ninaamini mahali fulani kuna nyumba ambamo watu wanalala kwa amani kwa sababu karani hakuwaachia nafasi ya kujaza wenyewe. Vijana mlioko kwenye kompyuta, orodha yenu ikikosa neno, msichague lililo karibu. Mwulizeni mfiwa kwa lugha ya nyumbani kwake, na kama hamuijui, mtafuteni anayeijua.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu nilikuwa nimetumwa Biharamulo kwa wiki mbili, kumshikia nafasi mwenzangu aliyekuwa likizo. Siku ya mwisho aliingia mwanamke mwenye kichwa cheupe, akasimama mbele ya meza bila kukaa. Nilimtambua kwa kule kusimama.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba, Milembe. Karibu kiti."

Safari hii alikaa. Akafungua kitambaa akatoa barua ya mtendaji, akainyoosha vizuri juu ya meza. "Mama," alisema. "Juzi, kitandani kwake, baada ya uji. Watoto wa Mzee Masanja waliobaki ndio waliochimba kaburi." Alitabasamu kidogo, machozi yakiwa palepale. "Nilishawahi kukuuliza, hukunijibu. Mama yangu utamwandika nini?"

Kwa utaratibu wa kazi, neno lenyewe ni dhaifu, na mkaguzi mkali angelirudisha. Nilichovya kalamu ya zamani ya Bwana Msajili, niliyokuwa bado nayo, nikaandika polepole kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, kisha nikaigeuza rejista aisome mwenyewe: Uzee.